Barafu iliyofukiwa tunaichoraje kwenye ramani

Tangu niweke ile picha ya ukuta wa barafu wenye udongo na nyasi juu yake, nikipita uwanja wa Mkunguni hapa Lamu swali ni lile lile, ati hiyo barafu mliionaje na iko chini ya ardhi? Wengine wanadhani setilaiti inaona kila kitu. Haioni. Sa wacha nieleze vizuri huku manake kwenye koment hatutamaliza, na msimamo wangu niuseme mapema: ramani nyingi za kaskazini huko Aktiki zinakuonyesha baridi iko wapi, wakati kinachoangusha nyumba na kukata barabara ni barafu iliyo ndani ya udongo, na hayo ni mambo mawili.

Pamafrosti ni ardhi yoyote iliyokaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Basi, hapo maji hayajatajwa kabisa. Mwamba mkavu wenye baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri ni pamafrosti, na udongo ambao zaidi ya nusu yake ni barafu tupu nao ni pamafrosti. Ule mwamba ukipata joto unabaki mwamba. Ule udongo ukipata joto unazama, mita nzima wakati mwingine na zaidi, na chochote kilichojengwa juu kinaenda nao. Lakini kwenye ramani ya joto zote mbili zimepakwa rangi moja!

Barafu yenyewe ina aina zake. Ile ninayoipenda mimi ni ya kabari, mtafiti Leffingwell aliieleza mwaka 1915 baada ya kukaa miaka pwani ya kaskazini ya Alaska: baridi kali inafanya ardhi isinyae mpaka ipasuke, ufa mwembamba tu wa milimita chache, theluji ikianza kuyeyuka maji yanashuka mle ndani yanaganda, mwaka unaofuata ardhi inapasuka pale pale pa jana manake ndo pamedhoofika, na hivo hivo kwa maelfu ya miaka mpaka kabari inakuwa pana mita kadhaa kwa juu. Hizi ukiwa kwenye ndege unaziona, au tuseme unaona alama yake, ardhi imegawanyika vyumba vyumba vya pembe nyingi. Hapo setilaiti inasaidia kweli. Ile ya matabaka ndo shida, udongo laini unavuta maji polepole kuelekea pale panapoganda, yanajipanga mistari myembamba, ukikata unaona tabaka juu ya tabaka kama mkate wa kusukuma, na juu ya ardhi hakuna dalili yoyote. Kisha kuna mabaki ya barafu za kale zilizofukiwa tangu enzi za barafu, nazo pia zinaweza kukaa kimya.

Kwa hiyo tunapitisha umeme. Kifaa ni aina ile ile tunayotumia Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, kwenye machuguu ya mchanga kutafuta maji matamu yanaishia wapi na ya chumvi yanaanzia wapi, unapanga vigingi vya chuma kwa mstari, unaingiza umeme kwenye viwili, unapima kwenye vingine viwili, unahama, mpaka umepata picha ya chini. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, maji matamu yanakataa kidogo, barafu safi inagoma kabisa. Shela mchanga wa juu ni mkavu mno umeme hauingii, basi kila kigingi unakimwagia maji ya chumvi kidogo. Kaskazini kwenye changarawe kavu tunafanya vivyo hivyo, tofauti ni mbu, na msinicheke, mbu wa kule kiangazi wanashinda wa huku.

Ila umeme unadanganya. Mwamba nao unagoma, changarawe kavu inagoma, kwa hiyo doa jekundu kwenye skrini, yaani pale umeme uligoma, si lazima liwe barafu. Na kinyume chake kibaya zaidi: sehemu nyingi za pwani ya Aktiki udongo wake ulikuwa chini ya bahari zamani, una chumvi, na maji ya bahari hayagandi mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, sa unakuta mfinyanzi uko chini ya sifuri, kwa kanuni ni pamafrosti, lakini ndani bado una maji yasiyoganda na umeme unapita tu, nawe unadhani hapana kitu.

Mwamuzi ni keekee. Unatoboa, unatoa kipande kirefu kilichoganda, unakata, unapima uzito, unakausha kwenye tanuri la nyuzi 105, unapima tena. Lakini kipimo ambacho mhandisi anakihitaji ni rahisi kuliko hicho: weka kipande kwenye glasi yenye alama, kiache kiyeyuke, tope litulie. Maji yanayobaki yamesimama juu ya tope ni yale ambayo udongo haukuweza kuyabeba. Kina chake kinakupa makisio ya ardhi ile itashuka kiasi gani.

Sa huwezi kutoboa Kanada yote. Ramani ya kaskazini yote ya dunia iliyotolewa mwaka 1997 na chama cha kimataifa cha pamafrosti ilikuwa ya 1:10,000,000, sentimita 1 ni kilomita 100, yaani Lamu na Malindi hazifiki hata sentimita 2, na kiasi cha barafu kimegawanywa mafungu matatu tu, chini ya asilimia 10, 10 hadi 20, na zaidi ya 20. Kazi kubwa ile, siidharau, lakini hujengi barabara kwa ramani hiyo. Mwaka 2019 mtafiti O'Neill na wenzake walitoa ramani mpya za Kanada, wao wakaanza na historia: udongo gani upo, barafu kuu iliyofunika nchi zamani iliondoka lini, wapi palifunikwa na bahari au ziwa, mimea gani imepita, halafu kompyuta ikakisia kila aina ya barafu peke yake. Mimi naona hiyo ndo njia, nikiongeza rada ya Sentinel-1, setilaiti moja inarudi mahali pale pale kila siku 12, ukiona ardhi inashuka kwa kasi mwisho wa kiangazi ujue joto limefikia udongo wenye barafu nyingi.

Kinachokwamisha ni visima vya kuhakikishia, yale mashimo ya keekee. Wanaotoboa kwa wingi ni watu wa barabara na wa mafuta na gesi, kwa hiyo vinafuata kazi zao, mfano barabara ya Inuvik kwenda Tuktoyaktuk iliyofunguliwa mwaka 2017, na kampuni nyingine zinakalia data zao. Ukitoka kilomita chache kando ya lami au ya changarawe, umerudi kukisia.