Kizuri Hakijiuzi Kama Nota Hazipo

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Sokoni sina ugomvi na methali hiyo. Kwenye okestra imeniudhi miaka mingi. Juzi kijana mmoja anayesomea selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, alikuja kunisaidia kupanga makabati, akashika jalada la Alphons Diepenbrock, mtunzi wa Uholanzi wa miaka mia na zaidi iliyopita, akaniuliza: "Mwalimu, hawa Waholanzi wako kama kweli walikuwa wazuri, si tungekuwa tunawajua?" Ni mara ya tatu mwezi huu, na waliotangulia kuuliza ni watu wazima wanaolipwa kupiga muziki. Basi naandika, wa nne akija nimpe asome.

Mimi ni mtunza nota, yaani karatasi za muziki za okestra. Kabla mpigaji hajainua upinde, karatasi zake zimepita mikononi mwangu. Ala za nyuzi za okestra kubwa zina watu 60 hivi, na wawili hutumia stendi moja, kwa hiyo hapo tu zinatakiwa nakala 30. Ongeza filimbi, obo, klarineti, horni, tarumbeta, tromboni, kinubi na ngoma: nakala nyingine karibu 30, kila moja tofauti na mwenzake. Mtunzi mwenye mchapishaji Leipzig au Vienna alichapiwa zote, zikakodishwa Ulaya nzima. Mholanzi wa 1910 mara nyingi alikuwa na seti moja ya mkono, yenye makosa tele, ndani ya kabati moja. Sasa niambie hicho kizuri kitajiuzaje.

Wapigaji wana tabia ya kuandika kwa penseli, nyuma ya ukurasa wa mwisho, tarehe ya kila tamasha. Hapa mezani ninayo nota ya klarineti ya pili ya kazi moja ya zama hizo. Nyuma yake kuna tarehe tatu, zote za msimu mmoja, kisha karatasi tupu. Ukiifungua, ukurasa wa nne, mnakili ameandika vipimo 17 vya kimya. Kitabu cha kondakta kina 18. Mpigaji amezungushia duara hiyo 17, akaweka alama ya kuuliza, na hakuna aliyesahihisha. Kwa hiyo mara zote tatu ama aliingia kabla ya wakati, ama alikisia kwa kumsikiliza jirani. Na aliyeketi ukumbini alirudi nyumbani akiamini kwamba mtunzi ndiye asiyejua kuunganisha sauti.

Wanaosema muda umeshachuja, wamchukue mtunzi Matthijs Vermeulen, mwana wa mhunzi wa Helmond, aliyekuwa pia mhakiki mkali wa muziki Amsterdam. Simfonia yake ya kwanza, aliyoimaliza 1914, alimpelekea Willem Mengelberg, kondakta na bwana mkubwa wa Concertgebouw, okestra kuu ya Amsterdam. Mengelberg aliikataa, akamshauri akajifunze kwa msaidizi wake, Cornelis Dopper. Tarehe 24 Novemba 1918 Dopper aliongoza simfonia yake ya saba, *Zuiderzee*, na ilipokwisha Vermeulen akapaza sauti ukumbini: "Aishi Sousa!" Alimaanisha yule Mmarekani wa muziki wa gwaride. Baadhi ya watu walisikia "Aishi Troelstra", jina la kiongozi wa wasoshalisti ambaye siku chache nyuma alikuwa ametangaza mapinduzi. Ikawa kashfa ya mji. Mwaka 1921 Vermeulen akahamia Ufaransa. Simfonia yake ya pili, iliyokamilika 1920, ilipigwa kwa mara ya kwanza Brussels mwaka 1953, ilipopata tuzo kwenye shindano la Malkia Elisabeth. Miaka 33! Muda ulichuja nini hapo, wakati hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeisikia?

Na hata ikipigwa, balaa haliishi. Vermeulen anasuka nyimbo nyingi kwa pamoja, kila ala na njia yake. Kwenye muziki wa Johan Wagenaar, Mholanzi mwenzake, nota mbovu hupiga kelele, ukumbi mzima ukageuka. Kwenye Vermeulen kosa linajificha, kila mtu akadhani ndivyo alivyotaka. Kuna kipimo kimoja cha horni nilichokikalia siku tatu: flati, alama ya kushusha sauti nusu hatua, ipo kwenye nota ya mpigaji, kwenye kitabu cha kondakta haipo, na mkono ni wa mtunzi kote kuwili. Nikaifuta. Kila nikiisikia naona huenda nilimharibia.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi: kumwita Diepenbrock "Mahler mdogo", kana kwamba ni mwanafunzi wa Gustav Mahler, mtunzi mashuhuri wa Austria. Nimeliona hili mpaka kwenye vijitabu vya matamasha, na aliyeliandika hakujisumbua kutazama kalenda. Mahler alifika Amsterdam kwa mara ya kwanza Oktoba 1903, na ndipo urafiki wao ulipoanza. Zile *Hymnen an die Nacht* mbili za Diepenbrock, moja ya soprano na moja ya alto, kila moja na okestra kamili, ni za 1899. Mwanafunzi gani anamaliza mtihani miaka minne kabla ya kukutana na mwalimu?

Wala sauti zao hazifanani ukisikiliza kwa makini. Mahler anakuletea gwaride, ngoma ya kijijini, kengele za ng'ombe, anakata ghafla na kuruka kwingine. Diepenbrock hakati. Huyu alikuwa msomi wa Kigiriki na Kilatini, shahada yake ya udaktari ya 1888 ilimhusu Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, na utunzi alijifundisha mwenyewe. Alikunywa kutoka kwenye nyimbo za kale za Kanisa Katoliki, akanywa kwa Mjerumani Wagner, na matokeo yake ni mstari mrefu unaopokezana kutoka ala hadi ala bila mahali pa kuvuta pumzi. Sikiliza *Im grossen Schweigen* ya 1906, ya baritoni na okestra, kwa maneno ya mwanafalsafa Nietzsche: mtu amesimama mbele ya bahari, mji uko nyuma yake, na okestra haina haraka yoyote. Baadaye akavutwa na Mfaransa Debussy, ukisikia muziki wake wa tamthilia ya *Marsyas* wa 1910 utajua, na Vita vya Kwanza vilipoanza akawapa Wajerumani kisogo kabisa. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje kivuli cha mtu mwingine?

Ninachokubali ni kwamba okestra yake ni nzito, na mwimbaji huzama. Nimekaa kwenye mazoezi kondakta akizipunguza horni mara tatu na bado maneno hayasikiki. Wengine husema ni ala zetu za leo zenye sauti kubwa mno. Napenda iwe hivyo, lakini nikizitazama kurasa zenyewe nahisi sehemu ya lawama ni yake, maana mtu aliyejifundisha mwenyewe hakuwa na okestra ya kujaribia.

Wagenaar ndiye wa kuanzia kwa asiye na subira: *Cyrano de Bergerac* ya 1905, dakika chache, horni zinatamba. Na Dopper? *Zuiderzee* siitetei kwa nguvu zote. Nyimbo za kienyeji alizozitia zimebebeshwa ala nyingi kuliko uzito wake, na Vermeulen hakukosea kabisa. Lakini *Ciaconna gotica* ya 1920 ni kazi ya fundi, na Mengelberg huyohuyo aliipiga. Kwa hiyo msiniambie pia kwamba Mengelberg aliwadharau Waholanzi wote. Alichagua, na chaguo lake moja lilitosha kumfunika mtu miaka 30.

Kisha Vita vya Pili. Rotterdam ilipopigwa mabomu Mei 1940, nyumba ya mtunzi Willem Pijper iliungua. Mtunzi Leo Smit aliuawa Sobibor, kambi ya mauaji ya Wanazi, 1943. Jan van Gilse, mwenye simfonia nne, alikufa mafichoni 1944, baada ya wanawe wawili waliokuwa kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani kuuawa. Ukishayajua hayo, "kizuri chajiuza" ni neno la kumwambia nani?

Yule kijana nilimpa nota za mtunzi Henriëtte Bosmans, kwa sababu anapiga selo. Baba yake Bosmans alikuwa mpiga selo wa kwanza wa Concertgebouw, mama yake mpiga piano Myahudi, na wakati wa vita binti alizuiwa kupiga hadharani. Sonata yake ya selo ni ya 1919. Kijana alikaa nayo saa nzima kwenye chumba cha nyuma, akirudia mwanzo tu, zile nota za chini. Alipotoka hakurudi kwenye swali lake. Aliniuliza kama ninayo na *Poème*, ile ya selo na okestra. Ninayo. Nota ya obo ya pili ina makosa mawili, nitayasahihisha kabla ya Ijumaa.