“Mwalimu, hizi si tulizimaliza sekondari?”

Kila Septemba naingia darasa la mwaka wa kwanza hapa Kisumu nikiwa na karatasi mbili mkononi: makala niliyoikata gazetini na hadithi fupi ya kurasa nne. Na kila Septemba hakosi mmoja wa kuuliza, “Mwalimu, hizi si tulizimaliza sekondari?” Namwelewa. Amekuja chuoni kujifunza uandishi wa kitaaluma, mimi namletea kisa cha mwanamke na mbuzi wake. Walimu wenzangu nao huniuliza hilohilo, ila wao hutumia maneno marefu zaidi. Nyuma ya swali hilo kuna dhana kadhaa kuhusu hadithi na insha; nazijibu moja moja.

Dhana: hadithi ni burudani, hoja ina vitabu vyake

Anayesema hivi amesahau mtihani alioufanya mwenyewe. Katika karatasi ya insha ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ile 102/1, swali la methali halikosekani kirahisi. Mtahiniwa hutunga kisa kinachodhihirisha maana ya methali aliyopewa. Kisa cha kijana aliyepuuza maonyo kisipoonyesha ni kwa namna gani asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alama zinakwenda na maji. Methali ni dai, na kisa ndicho ushahidi wake. Kijana wa miaka kumi na saba anajenga hoja kwa hadithi, kisha anafika chuoni anaambiwa vitu hivyo viwili havijuani.

Kinachombana ni namna alivyozoezwa kusoma. Miaka minne amekuwa akieleza muktadha wa dondoo, akiorodhesha sifa za wahusika, akitafuta maudhui. Mhakiki huuliza hadithi inasema nini. Darasani kwangu tunauliza imefanywaje. Mbona mwandishi ameanzia mlangoni badala ya barabarani? Mbona baba hana jina? Ni jambo gani limefichwa hadi ukurasa wa tatu, na lingetajwa mapema lingeharibu nini? Anayeandika ripoti kuhusu tuktuk za Kondele ana maswali hayohayo, kwani naye lazima aamue msomaji aambiwe nini kwanza.

Dhana: insha tamu ni ile iliyojaa methali na misamiati

Hapa nitakaa, maana ndipo ugonjwa ulipo.

Mwanafunzi mmoja alitaka kuandika kuhusu nyanya yake anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika ufuo wa Dunga. Rasimu yake ya kwanza ilifunguka hivi: “Ilikuwa siku ya siku, siku ambayo katu haitafutika akilini mwangu. Jua lilikuwa limetandaza miale yake mithili ya dhahabu, nao upepo mwanana ulikuwa ukiupapasa uso wa ziwa.” Sarufi safi kabisa. Nikamuuliza, nyanya yuko wapi? Akafunua. Nyanya alikuwa aya ya tatu.

Jua lile la dhahabu nimeshakutana nalo kwenye harusi, kwenye ajali za matatu na kwenye mazishi. Wanafunzi hulikariri kama namba ya simu. Lugha ya mapambo haina kosa, na methali iliyotua mahali pake ni tamu kuliko maelezo ya ukurasa mzima, ila haya ya kukariri humsaidia mwandishi kutoangalia kitu chenyewe. Mwenye jua la dhahabu mfukoni hahitaji kwenda ufuoni.

Nilimpa hadithi fupi inayoanza na sufuria iliyotoboka, nikamwambia asome aya ya kwanza tu, kisha aandike upya aya yake akianza na kitu ambacho nyanya anakishika. Akarudi na hii: “Nyanya hupima omena kwa gorogoro lililobonyea kitako. Wateja wanalijua. Kabla hawajalalamika, huwa ameshawaongezea kiganja kimoja juu.”

Sentensi tatu. Ndani yake kuna biashara, ujanja, aibu kidogo na ujirani. Nilipomwambia aendelee akaandika kwamba kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaliane, kile kiganja cha nyongeza hutoweka. Mwisho wa muhula alikuwa na insha ya hoja kuhusu nani hasa anaubeba mzigo wa miezi hiyo minne, na kama kuna njia ya kulinda samaki bila kumwacha muuzaji mkavu. Kiganja cha omena ndicho kilichompeleka huko.

Dhana: insha ni aya tano

Utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Kwa mtihani wa saa moja na dakika arobaini na tano unaotaka insha mbili, ni mkongojo mzuri na sitaudharau. Tatizo ni kuuita mguu. Mwandishi Montaigne alipochapisha insha zake Ufaransa mwaka 1580, aliziita kwa neno lenye maana ya majaribio. Neno letu nalo, insha, limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kuunda, kutunga. Sioni idadi ya aya hapo.

Ninaowafundisha huwapa kazi za mwandishi wa nyumbani, Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru. Mwaka 2005 jarida la Granta lilichapisha makala yake ya kejeli kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika. Makala nzima ni maagizo: fanya hivi, usitaje vile. Msimamo wake hausemwi popote. Msomaji anaugundua kwa kuchukizwa na maagizo yenyewe. Kila mwaka wapo wawili watatu wanaoyaamini na kuyanakili daftarini kwa uaminifu mkubwa, na somo la kejeli hujifundisha lenyewe siku hiyo. Ni huyohuyo aliyepata tuzo ya Caine mwaka 2002, tuzo ya hadithi fupi, kwa andiko linalosimulia safari yake mwenyewe ya kurudi nyumbani. Ukiwauliza wanafunzi kama lile ni insha au hadithi, kipindi kitakwisha bado wanabishana, nami siwakatizi.

Dhana: soma sana, kuandika kutakuja kwenyewe

Hii niliiamini mimi. Muhula wangu wa kwanza niligawa hadithi kumi. Walizisoma, wakazijadili vizuri mno, wakacheka panapochekesha. Insha zilipokuja, jua lilikuwa palepale na miale yake.

Siku hizi tunasoma matini sita tu, na kila moja ina kazi ya mikono. Wananakili aya moja kwa kalamu, kisha wanaiandika tena kwa umbo lilelile la sentensi lakini kwa habari zao. Wanafuta aya ya kwanza ya insha zao waone kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakuna. Wanasimulia ugomvi mmoja wa nauli mara mbili, kwa mdomo wa abiria na wa mwendesha boda. Alama natoa kwa tofauti kati ya rasimu ya kwanza na ya tatu, jambo ambalo huwaudhi sana wale waliozoea kupatia mara moja.

Kuhusu nafsi ya kwanza kuwa marufuku chuoni: inategemea somo, muulize anayesahihisha. Na wanaosema makala ya gazetini ni kazi nyepesi, wajaribu kuimudu safu ya gazeti kama alivyofanya Ken Walibora katika Taifa Leo, huku akitunga riwaya na hadithi fupi.

Kuna moja ambalo wapinzani wangu wako sahihi. Hadithi haitamfundisha mtu kunukuu vyanzo wala kupanga marejeleo. Hilo nalifundisha kivyake, wiki mbili, na linachosha kama linavyosikika.

Yule wa omena alinifuata muhula uliofuata akaomba rasimu yake ya kwanza, ile ya dhahabu. Nilidhani anataka kuicheka. Kumbe ana mdogo wake kidato cha nne.

“Hii itampa alama, Mwalimu,” akasema akiikunja. “Ile ya gorogoro nitamwonyesha akishamaliza mtihani.”