Taa za Kutokea Zisiachiwe Jenereta

Mwezi uliopita nilikagua jengo moja la maduka Kariakoo, ghorofa nne, nikiongozana na meneja wa jengo. Juu ya kila mlango wa ngazi palikuwa na kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia, na pembeni taa ndogo ikionyesha chaji inaingia. Meneja hakuwa na wasiwasi. Nikabonyeza kitufe cha majaribio, kinachokikatia kibao umeme ili kiwake kwa betri yake. Kibao kikawaka, kikafifia, na kabla sijahesabu hadi ishirini kikazima kabisa. Vibao sita kati ya tisa vilikuwa hivyo.

"Lakini jenereta lipo, injinia," akaniambia.

Jibu hilo nalisikia kuanzia Posta hadi Mwenge, na linanitia hofu kila mara. Jenereta linafaa umeme wa TANESCO ukikatika na biashara inaendelea. Hata lenye swichi ya kujigeuza huchukua kama sekunde 10 au zaidi kubeba mzigo, na muda huo wateja wako katikati ya ngazi gizani, wengine na watoto mgongoni. Ukizuka moto hali ni mbaya zaidi: nyaya zinaweza kuungua mapema, na askari wa zimamoto wakifika hukata umeme wa jengo zima, wa jenereta ukiwemo. Kwa hiyo taa ya dharura hubeba betri yake ndani, au hulishwa na betri kuu kwa nyaya zinazostahimili moto.

Mwanga unaohitajika ni mdogo. Kiwango cha Ulaya, EN 1838, kinataka angalau luksi 1 sakafuni katikati ya njia, sawa na mwanga wa mshumaa ulio umbali wa mita 1, na nusu ya mwanga huo uwe umefika ndani ya sekunde 5. Uingereza majengo mengi huwekewa taa za kudumu saa 3, Marekani dakika 90. Kibao cha LED hula wati chache tu, hivyo betri ndogo inatosha, mradi iwe nzima.

Za Kariakoo ziliuawa na nani? Tulipofungua dari tukakuta fundi alichukua umeme wa vibao baada ya swichi ya ukutani. Kila usiku mlinzi alipozima taa za korido, vibao vilidhani umeme umekatika, vikajiwasha kwa betri mpaka ikaisha. Asubuhi chaji inaanza upya. Betri hizi zimetengenezwa kusubiri dharura. Kuzimaliza kila usiku ni kuzifupishia maisha. Waya wa moto, yaani wenye umeme, unaochaji betri lazima uchukuliwe kabla ya swichi.

Wapo wanaokwepa kosa hilo wakaingia jingine: wanaivutia taa ya dharura laini yake peke yake kutoka bodi kuu. Siku breka ya taa za ngazi inakatika, ngazi inakuwa giza totoro, na taa ya dharura imekaa kimya kwa sababu breka yake ni nzima. Ichukue umeme kwenye laini ileile ya taa za kawaida za eneo hilo.

Joto la Dar nalo halisaidii. Betri za risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na dari iliyo chini ya bati hupita hapo kirahisi. Vibandiko vinavyong'aa gizani ni nyongeza nzuri karibu na sakafu, maana moshi hupanda na kuficha vibao vya juu, lakini navyo hunyonya mwanga kwanza. Kwenye ngazi isiyowashwa taa mchana havina cha kutoa.

Bonyeza kitufe kila mwezi. Mara moja kwa mwaka zima breka na uache taa ziwake muda wake wote. Fanya hivyo jengo likiwa tupu, maana kuchaji upya kunaweza kuchukua saa 24.

Kule Kariakoo fundi alihamisha nyaya, akaweka betri mpya na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Jumamosi baada ya maduka kufungwa tulizima breka saa moja usiku, meneja akakaa kwenye ngazi na saa yake mkononi. Saa nne vibao vyote tisa vilikuwa bado vinawaka.