Je, wajua kwa nini usukani wa resi huzilegeza breki za baiskeli ya mlima?

Zile baiskeli za mlima za mitumba, za chuma, tairi inchi 26, zisizo na shokapu mbele, nazipenda sana. Fremu zake zinavumilia kweli. Ndiyo maana baadhi yetu hapa Mwanza tunazigeuza ziwe za safari ndefu kwenye njia za changarawe: unatoa usukani ulionyooka, unafunga ule wa resi uliopinda kama pembe za kondoo dume, pamoja na vishikio vyake vya breki. Mikono inapata sehemu kadhaa za kushika, na upepo wa ziwani ukikukabili unainama. Jambo lenyewe si geni. Mmarekani John Tomac alishindana na usukani wa namna hiyo kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za mlima, Durango, Marekani, mwaka 1990.

Yangu ilipokamilika nikaijaribu kwenye mteremko wa Bugando. Nikaminya kishikio cha breki mpaka kikagusa usukani, baiskeli ikazidi kwenda. Nilisimama kwa kuburuza viatu, moyo ukinidunda. Na waya ulikuwa mpya, raba za breki mpya!

Tatizo ni kiasi cha waya kinachovutwa. Baiskeli yangu ilikuwa na breki za V, mikono miwili mirefu iliyosimama kila upande wa rimu, waya ukipita mlalo kwa juu. Kwa urefu ule, lazima waya uvutwe mwingi ndipo raba ziibane rimu. Kishikio cha baiskeli ya mlima kimeundwa kwa kazi hiyo. Cha resi huvuta karibu nusu tu, kwa hiyo unakimaliza chote na raba ndiyo kwanza zinaigusa rimu.

Huwezi basi kuhamisha vishikio vya zamani? Havivaliki. Bomba la usukani ulionyooka lina unene wa milimita 22.2 pale kishikio kinapokaa, la resi 23.8.

Kinachofaa ni breki za kantileva, zilizotawala kabla kampuni ya Shimano haijatoa za V mwaka 1996. Utazitambua kwa waya unaoshuka katikati kisha kugawanyika kulia na kushoto, kama Y iliyopinduliwa. Hizo hupatana vizuri na vishikio vya resi. Kwa hiyo ukienda kuchagua mtumba, chuchumaa uangalie breki kabla hujavutiwa na rangi. Kama umeshanunua yenye V, viko vishikio vya usukani wa resi vilivyotengenezwa kuvuta waya mwingi, tafuta hivyo.

Shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani, nayo weka iliyo fupi zaidi, maana usukani huu husogeza mikono mbele na fremu za zamani tayari ni ndefu.

Kabla ya kupanda, minya kwa nguvu zote: kati ya kishikio na usukani vidole viwili vipite. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli. Gurudumu la nyuma linyanyuke.