Tundu la Mashua: Kwa Nini Watu Wazima Hulilia Viwanja vya Watoto

Kazi yangu ni kusanifu viwanja vya michezo vya watoto, na kwa sababu hiyo jamaa zangu huniletea kila habari inayohusu pembea na mitelezo, iwe ya hapa karibu au ya ng'ambo. Mwezi Januari mwaka 2023, binti wa khalati yangu anayeishi Florida alinitumia video aliyoipiga katika bustani ya burudani ya Universal Studios mjini Orlando, siku chache kabla ya sehemu kubwa ya eneo la watoto lililoitwa Woody Woodpecker's KidZone kufungwa moja kwa moja. Niliitazama barazani kwetu Malindi baada ya sala ya alasiri. Mtoto wake alikuwa akikimbia huku na huko, hana habari ya lolote. Aliyekuwa akilia ni mama mtu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyehamia huko akiwa bado na meno ya utoto, na alikuwa amesimama kando ya kiatu kikubwa mno cha mchunga ng'ombe, kiganja chake kikiwa kimekiegemea kama mtu anayeshika ukuta wa nyumba yao. "Dada," aliniambia mwishoni, "najua ni mapambo tu na rangi. Mbona naumia hivi?"

Siku ile nilimpa pole, basi. Tangu hapo nimefuatilia jinsi wapenzi wa bustani hizi wanavyopokea habari ya kufungwa kwa maeneo ya watoto, na nimeona wakifanya mambo yale yale kila mara: husafiri mbali ili wapande kigari cha reli kwa mara ya mwisho, hupiga picha za vibao, mataa na hata mapipa ya taka, hurekodi muziki unaotoka katika vipaza sauti vilivyofichwa vichakani, na huhifadhi ramani za karatasi kama mtu anavyohifadhi cheti. Wapo wanaowacheka na kuwaambia kwamba mtu mzima hana sababu ya kulilia kigari kinachokwenda mwendo wa punda. Nadhani wanaocheka hawaujui ufundi uliotumika kupajenga mahali hapo, na ningependa kuueleza, kwa sababu jibu la swali la binti wa khalati limo ndani ya vipimo.

Kiwanja cha kawaida cha watoto hupimwa kwa mwili wa mtoto. Kimo cha vidato, unene wa chuma cha kushikilia, upana wa mtelezo, vyote hufuata kiganja na goti la mtoto wa umri fulani. Hata matundu yana sheria zake: miongozo ya usalama ya Marekani hutaka nafasi iliyo baina ya nguzo na nguzo isiangukie kati ya sentimita 9 na 23 hivi, kwa kuwa katika nafasi kama hiyo kiwiliwili cha mtoto mdogo huweza kupita, miguu ikitangulia, kisha kichwa kikakwama. Kwa hiyo mtu mzima anaporudi kwenye kiwanja alichochezea hukuta kila kitu kimepungua. Tunalijua jambo hili sote tuliorudi nyumba za mabibi zetu Lamu baada ya miaka mingi, tukaziona baraza za dakani, pale kwenye ukumbi wa mlangoni, ambazo zamani tulizikwea kwa magoti, na sasa tunazikalia bila hata kuinua mguu. Mahali penyewe hukuarifu kwamba umekua, na kwa kuwa hukuarifu kila unapopita, moyo hupata muda wa kukubali.

Upo ufundi wa pili, wa kinyume chake, ambao ni kukikuza kila kitu kiasi kwamba hata mzazi anakuwa mdogo. Sehemu aliyosimama binti wa khalati, Fievel's Playland, iliyofunguliwa mwaka 1992, ilijengwa kwa kufuata hadithi ya panya mdogo mhamiaji, na kwa hiyo kofia, viatu na vikorokoro vingine vyote vilikuwa na ukubwa ambao panya angeviona navyo. Mfano ninaouthamini kuliko yote, hata hivyo, uko upande wa pili wa Marekani. Bustani ya Disney California Adventure mjini Anaheim ilipofunguliwa Februari 2001, wazazi walilalamika kwamba haikuwa na mengi kwa watoto wadogo, na katika kuwajibu, mwezi Oktoba 2002 likafunguliwa eneo lililoitwa A Bug's Land, yaani nchi ya wadudu. Mgeni alipita ndani ya kasha la nafaka za kifungua kinywa lililokuwa kubwa kama ukumbi. Alikaa juu ya mabenchi yaliyotengenezwa mfano wa vijiti vya aiskrimu. Majani ya kawaida ya bustani, yale tunayoyakanyaga, yalisimama juu yake kama miti, na usiku aliangaziwa na balbu za mapambo ambazo kila moja ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu. Palikuwa na mfereji mkubwa wa bustani uliokuwa ukivuja, na watoto wakilowa chini yake. Treni ya kiwavi ilipita polepole katikati ya vyakula, na ilipofika kwenye tikiti maji, abiria walisikia harufu ya tikiti.

Zingatia kilichotokea kwa wawili walioingia pamoja, mama wa sentimita 165 na mwanawe wa sentimita 90. Nje ya lango tofauti yao ilikuwa kubwa; chini ya jani lile haikuwa kitu, kwa sababu wote wawili walikuwa wadudu. Na kijana aliyepazoea akiwa na miaka mitano, akarudi akiwa na ishirini, hakukuta mahali palipopungua. Goti lake lilikuwa limekua, nalo jani lilikuwa bado mbali juu. Huo ndio uzito wa ufundi huu, na nausema kama msanifu ninayeuonea wivu: ni mahali pachache sana duniani ambapo mwili uliokwisha kukua unarudishiwa kimo chake cha utoto, si kwa kukumbuka bali kwa kusimama tu. A Bug's Land ilipofungwa mapema Septemba 2018 ili kupisha Avengers Campus, eneo la mashujaa wa filamu lililofunguliwa Juni 2021, wapenzi wake walinyang'anywa kimo hicho kwa siku moja, bila ule muda ambao baraza la dakani humpa mtu.

Jambo la pili linahusu nani hasa anayekumbuka. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya matukio ya kabla ya kufikisha miaka mitatu, ilhali umri huo ndio wa wageni wengi wa maeneo haya, wale wasioruhusiwa kupanda vigari vikubwa kwa sababu hawajafika kwenye alama ya kimo. Hata kigari cha watoto cha KidZone kilitaka sentimita 91. Mtoto wa miaka miwili atasahau kila kitu. Atakayebaki na siku hiyo ni mzazi, naye anaibeba kwa niaba ya wawili. Eneo likiwa bado lipo, anaweza kumpeleka mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa na kumwambia: hapa ndipo ulipoogopa, hapa ndipo uliponing'inia shingoni mwangu. Likivunjwa, analazimika kusimulia huku akionyesha hewa. Ndiyo maana katika video nyingi za kuaga mtoto anacheza na mzazi ndiye anayefuta machozi.

Sababu za wenye bustani hazihitaji maelezo marefu, wala mimi sizibezi. Ardhi ina mipaka, wahusika wa hadithi huzeeka na watoto wa leo hawawajui, na eneo la wadogo halimvuti kijana wa miaka kumi na sita. Tena watoto hawakudhulumiwa pale Orlando: eneo jipya la DreamWorks Land, lililofunguliwa Juni 2024, lina mahali pa kuchezea maji na pa kupanda na kuteleza. Ninachokiona katika mabadiliko haya yote ni kwamba chuma huokolewa na kipimo hutupwa. Reli ya kigari cha KidZone ilibakishwa ikapewa sura na jina jipya. Chombo kimoja cha kuzunguka cha A Bug's Land kilihamishiwa upande mwingine wa bustani ile ile, na mwaka 2019 kikafunguliwa kwa jina jingine. Karibu na Orlando, katika bustani ya Magic Kingdom, Mickey's Toontown Fair ilifungwa Februari 2011, lakini kigari chake kinaendelea kutembea katika eneo lililochukua nafasi yake. Mashine ina thamani inayoandikika kwenye vitabu vya hesabu. Jani kubwa lisilokuwa na kiti wala mkanda halina mstari wake, ingawa ndilo lililofanya kazi niliyoieleza hapo juu.

Kufungwa kwenyewe kuna aina zake, na tofauti hiyo sisi wa pwani tunaielewa kutokana na pembea za Idi. Kwenye viwanja kama Makadara kule Mombasa, pembea husimamishwa kwa ajili ya sikukuu, watoto huzipanda kwa vijipesa vyao vya Idi mpaka mifuko ikauke, kisha hufunguliwa vipande vipande na kupakiwa. Mtoto huwa mnyonge siku ile, lakini haombolezi, kwa sababu anajua kwamba mwezi ukiandama tena zitarudi. Mickey's Toontown, eneo la watoto katika bustani ya Disneyland mjini Anaheim, ilifungwa Machi 2022 kwa namna inayofanana na hiyo: ilitangazwa kwamba itarudi, na ikarudi kweli tarehe 19 Machi 2023, ikiwa imeongezewa nyasi na mahali pa kupumzikia. Wapenzi wake walikuwa na wasiwasi juu ya kitakachobadilishwa, na wasiwasi si matanga.

Nimeyaona matanga yenyewe hapa Malindi. Nyuma ya hoteli moja palikuwa na bustani ya watoto, na wenye hoteli walikuwa wakiwaachia watoto wa mtaa waingie Ijumaa alasiri na siku za Idi. Hoteli ilipata wenyewe wapya, nami nikaitwa kupima kiwanja ili nichore bustani nyingine. Katika ile ya zamani palikuwa na pembea nne, mtelezo wa chuma uliokuwa ukiunguza mapaja ifikapo adhuhuri, na mashua kuukuu iliyozikwa nusu mchangani, ubavuni ikiwa imetobolewa tundu la kupitia watoto. Hakuna aliyetangaziwa kwamba bustani inavunjwa. Nilipofika na futi yangu, pembea zilikuwa zimefungwa kamba vizuri zikisubiri gari, na mashua ilikuwa imekwisha kupasuliwa.

Nikiwa katikati ya kupima, kijana mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki langoni na kumsalimu mlinzi, mzee wa makamo.

"Ami, ile mashua mmeipeleka wapi?"

"Imekwenda kuwa kuni, mwanangu. Ilikuwa imeliwa na mchwa."

Kijana hakubishana. Aliingia mpaka pale palipokuwa na mashua, ambapo mchanga ulikuwa bado na rangi ya unyevu, akainama kidogo, akaweka kiganja ubapa hewani, usawa wa juu kidogo ya goti lake. "Tundu lake lilianzia hapa," alisema, akituambia sote wawili. "Ukingo wake ulikuwa laini. Mdogo wangu akiogopa kupita, mimi nikimvuta kutoka ndani." Pembea hakuzitazama kabisa. Nilimwomba asiondoe mkono, nikateremsha futi kutoka kiganjani mwake hadi mchangani, nikaandika daftarini: sentimita 48.

Hapo ndipo nilipompigia simu binti wa khalati na kumpa jibu alilokuwa ameliuliza miezi mingi nyuma. Nilimwambia kwamba kiganja chake juu ya kile kiatu kilikuwa kinafanya kazi ile ile ya kiganja cha huyu kijana, yaani kinapima. Tofauti ni kwamba yeye alipewa nafasi ya kupima kabla: Universal walitangaza mapema Novemba 2022, na wapenzi wakapata miezi miwili na zaidi ya kuja, kugusa, kupiga picha na kuwaonyesha watoto wao. Kijana wa Malindi alipima hewa.

Kwa hiyo sasa, kabla sijakubali kazi yoyote inayoanza kwa kuvunja, naweka masharti mawili na ninayaandika kwenye mkataba. La kwanza, tarehe ya kufunga itangazwe mapema, langoni na msikitini na popote wanapopita wazazi, na siku ya mwisho lango liachwe wazi kwa kila mtu, wakiwemo waliokwisha kukua. La pili, nipewe muda wa kuzunguka na watu waliochezea pale, wakubwa kwa wadogo, waniwekee viganja vyao juu ya vitu wanavyovijua, nami nipime. Mara nyingi hawagusi nilivyodhani watagusa. Hugusa kisiki, kona ya ukuta, bomba linalotoka ardhini, na vitu hivyo karibu kila mara vinaweza kubakishwa au kujengwa upya kwa kipimo kile kile bila gharama ya kutisha.

Bustani ya hoteli ile haijajengwa bado. Mafundi wanasubiri mvua za masika zipite. Nimechora mashua mpya upande wa mashariki, penye kivuli cha mwarobaini, ubavuni ikiwa na tundu lenye upana wa sentimita 40 ambalo ukingo wake wa chini uko sentimita 48 kutoka mchangani, na kando ya mchoro nimemwandikia fundi kwamba ukingo huo asiupake rangi, aupige msasa tu, viganja vitamalizia.