Eti denim ni "de Nîmes"? Ngoja kwanza

Mi nauza jinzi za mtumba hapa Sido, Mbeya. Mwezi wa saba baridi ikikaza watu wanataka ile nzito inayosimama yenyewe, na wakianza kuchagua ndo mabishano yanaanza. Juzi dogo mmoja wa chuo kaniambia kwa kujiamini kabisa, "Braza, denim, hiki kitambaa cha jinzi, imetoka Ufaransa, mji wa Nîmes, ndo maana ikaitwa de Nîmes." Stori hiyo hata mi nimewasimulia wateja miaka, inauza.

Ila haijathibitishwa bana. Kweli kuna kitambaa kiliitwa serge de Nîmes na Waingereza walikitaja tangu karne ya 17, shida iko kwenye uzi: serge ilikuwa ya sufu, saa nyingine imechanganywa na hariri, denim tunayoijua ni pamba. Majina yanafanana, vitambaa havifanani. Ndo maana wanaofuatilia historia ya nguo wanabishana mpaka leo, wengine wanasema jina lilisafiri likaangukia kitambaa kingine, wengine wanasema ni Waingereza wenyewe walifuma chao wakakipachika jina la Kifaransa ili kionekane cha maana. Mi niko na hawa wa pili, maana biashara naijua, we andika "Italy" kwenye kiatu uone bei inavyopanda.

Halafu kuna wanaosema jinzi na denim ni kitu kimoja tangu zamani. Wapi! Neno jinzi wengi wanakubali limetokana na mji wa Genoa kule Italia, Wafaransa wanauita Gênes, na kwenye maduka ya Marekani karne ya 19 jean na denim vilikuwa vitambaa viwili tofauti. Jean nyuzi zote rangi moja, denim uzi mmoja umepigwa rangi na mwenzake mweupe. Kunja pindo la suruali uliyovaa sasa hivi: nje bluu, ndani nyeupenyeupe, na vimistari vya mshazari ukivuta karibu na jicho. Hiyo ni denim, ila jina la suruali limetoka kwa kile kitambaa kingine, jean.

Na Levi Strauss hakuvumbua kitambaa, yeye alikuwa mfanyabiashara wa jumla San Francisco. Kuna fundi nguo wa Reno, Jacob Davis, alikuwa ananunua vitambaa kwake, ndo akapata wazo la kupigilia vile vichuma vya shaba kwenye kona za mifuko isichanike, akamtafuta Levi washirikiane na haki ya uvumbuzi ikatoka 20 Mei 1873. Wala hawakuziita jinzi, waliziita ovaroli.

Kuna mzee fundi cherehani jirani yangu, yeye jinzi anaiita dangirizi, vijana wanamcheka kweli, wanaona ushamba. Kumbe neno lake lina kwao kunakojulikana kuliko hilo la denim, Waingereza walilibeba India, kitambaa kigumu cha pamba cha Dongri, Mumbai, wakaita dungaree, na huku likatufikia hivyo.

Yule dogo nilimkunjia pindo nikamwonyesha uzi mweupe, akaangalia weee, nikampunguzia elfu mbili, akaondoka bado anasema ni Nîmes.