Mikono kifuani, kidole mdomoni: mnachokiamini kuhusu usaili wa chekechea

Jumamosi iliyopita binti mmoja alipanda daladala mbili kutoka Mbagala kuja barazani kwangu Tabata, tufanye mazoezi ya usaili wa kazi ya ualimu wa chekechea. Nikamkusanyia wajukuu zangu wawili na watoto watatu wa jirani. Nikamwambia: darasa lako hili, una dakika 15. Akasimama wima, akatoa sauti ya paredi: "Mikono kifuani! Kidole mdomoni!" Mtoto wa jirani akabaki anaduwaa, kidole akitoe wapi na mikono yote iko kifuani. Kukawa kimya. Binti akanigeukia na tabasamu la mtu aliyekwisha kupewa barua ya ajira.

Nimesailia walimu wa awali, yaani wa chekechea, miaka mingi, sasa nawaandaa wanaokwenda kusailiwa, na hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba watoto wakinyamaza, umefaulu.

Najua inatoka wapi. Wengi wetu tulisoma tumebanana madawati, mwalimu mmoja na sisi wengi mno, na ukimya ndio uliomwezesha kufika saa nane mchana akiwa na akili timamu. Lakini msaili aliyekaa nyuma ya darasa na karatasi yake hapimi kelele. Anaangalia, kwanza kabisa, umeingiaje. Umebaki juu kama mlingoti, au umechuchumaa macho yako yakawa sawa na ya mtoto? Umeuliza majina, au kila mtu ni "wewe wa shati jekundu"? Dakika mbili za mwanzo zinasema mengi kuliko sivii yako yote.

Halafu anaangalia mikono ya watoto inafanya nini. Ikiwa imefungwa kifuani, jibu ni: haifanyi kitu. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kushika, kupanga, kumwaga, kuuliza, na mambo hayo yana sauti. Kuna kelele za fujo na kuna kelele za kazi. Mwalimu wa awali asiyezitofautisha atateseka, na watoto watateseka zaidi. Watu wanakuja wamekariri kwamba Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyetaka watoto wajifunze kwa kushika vitu, alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Vizuri. Lakini mtoto akigusa jagi la maji, wanampokonya.

Chukua kuhesabu, maana karibu kila mwombaji huchagua kuhesabu. Anaimbisha moja hadi ishirini, watoto wanaitikia kwa nguvu, anawapigia makofi ya kilo, anauliza "Tumeelewa?", wanajibu "Ndiyooo!" Somo limekwisha. Hakuna alichopima. Mtoto anaweza kuimba mpaka ishirini bila kujua tano ni ngapi. Mwambie, "Nipe vifuniko vitano," uone: atachota gao zima akupe. Wimbo anaujua, idadi bado. Kazi yako ni kumfikisha mahali ambapo kila kifuniko kinapata namba moja, na namba ya mwisho ndiyo jibu la "vingapi". Ukitaka msaili aache kalamu akutazame, panga mistari miwili ya vifuniko sita sita, halafu mmoja utawanye uwe mrefu. Uliza upi una vingi. Watoto wengi wa miaka minne watakuonyesha ule mrefu. Usimcheke, usimsahihishe kwa haraka, mwulize amejuaje. Hapo umeonyesha kwamba unamjua mtoto, hukukariri somo tu.

Ndiyo maana kila anayepita kwangu anaondoka na mfuko wa vifuniko vya chupa za maji, vimeoshwa. Ni vya bure, vimejaa mitaroni Dar nzima. Ila ukiambiwa darasa lina watoto wa chini ya miaka mitatu, viache nyumbani, wanaviweka mdomoni. Beba makopo makubwa na vitambaa.

Na andalio la somo, jamani. Msinakili lile la darasa la nne lenye dakika 40 za kukaa. Andika shughuli tatu fupi: moja ya kukaa mkekani, moja ya kusimama na kucheza, moja ya kushika vitu. Andika pia utakavyowahamisha kutoka hii kwenda ile, kwa sababu darasa la awali huvunjikia pale katikati.

Halafu kuna dhana nyingine mnazoniletea. "Kiingereza kikinyooka, nimepata." Kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza kitakusaidia, sikatai. Lakini mtoto wa Temeke wa miaka mitatu anayelia siku ya kwanza anasema "Namtaka mama", na msaili anataka kuona kama utambembeleza kwa lugha anayoielewa au utamwambia atunge sentensi kamili. Katika shule nyingi za awali za serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili.

"Napenda sana watoto." Hata mimi. Sasa niambie: saa sita mchana amefika mjomba usiyemjua, amekuja kumchukua Neema, na mama hapokei simu. Utafanyaje? Jibu ni moja: mtoto haondoki, umpelekee taarifa mwalimu mkuu, hata mjomba akifoka. Mwingine amepaliwa na karanga, hawezi kukohoa wala kulia. Nimesikia "nitampa maji", nimesikia "nitampa tonge la ugali". Hapana! Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja mara tano mgongoni katikati ya mabega. Karanga ikigoma kutoka, mara tano tumboni juu ya kitovu, kwa kusukuma ndani na juu, na urudie hivyo huku mwenzako akitafuta msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Aliye chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo. Ni kifuani.

Na mtoto akimng'ata mwenzake? Wapo wanaonijibu kwa kujiamini kabisa: "Nami namng'ata kidogo ili ajue inauma." Hapo usaili umeisha, chukua mkoba wako. Mtoto mdogo hung'ata mara nyingi kwa kuwa hana maneno ya kusema "nirudishie". Mhudumie aliyeumizwa kwanza, kisha mpe yule mwingine hilo neno.

"Vaa kama unaenda benki." Sketi ya kubana na kucha ndefu, halafu unaambiwa uketi mkekani. Vaa nadhifu, uweze kuchuchumaa. Basi.

"Mwanaume hatachukuliwa." Wanachukuliwa. Kijana wangu mmoja alipata kazi kwa kutengeneza gari la makopo mbele ya watoto.

"Kuuliza maswali ni utovu wa adabu." Ukiulizwa kama una swali, usijibu "hapana, asante madam". Uliza kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasimamiwa na ustawi wa jamii, au ni darasa la awali lililo chini ya elimu. Kazi na vyeti vinavyotakiwa havifanani. Uliza watoto wangapi kwa mwalimu mmoja. Kiwango kinachotajwa nchini kwa awali ni 25, kwa hiyo wakikwambia 60 ujue unachokubali. Uliza kama kuna msaidizi. Halafu uliza choo cha watoto kiko wapi, na uombe kukiona kabla hujazungumzia mshahara.